Mjomba Ervin Afanya Mtihani

Nilimfahamu Ervin Szalkai kwa miaka arobaini na mmoja, na karibu muda wote huo nilimpigia besi. Sikusomea muziki. Nilikuwa fundi umeme kwenye mgodi wa makaa ya mawe, katika mji wetu ulio chini ya milima ya Mecsek, kusini mwa Hungaria, mwendo wa nusu saa kwa basi kutoka Pécs. Besi niliianza kwa sababu mjomba wangu aliyekuwa akiipiga harusini aliumia bega, na katika ukoo hakukuwa na mwingine mrefu wa kutosha.

Ervin alifika kwetu Oktoba ya mwaka 1958, siku ya mvua, akiwa na sanduku moja na mke. Sanduku lilijaa karatasi za muziki. Vitu vingine vyote alikuwa amevibeba mkewe, Magdolna, ambaye alikuwa nesi na alipata kazi hospitali wiki hiyo hiyo. Yeye Ervin aliletwa kupiga piano nyuma ya kwaya ya wachimbaji kwenye Jumba la Utamaduni.

Hakutaka kuja. Alizaliwa Budapest, baba yake akiwa na duka la kuuza na kutengeneza piano, na kwa sababu ya duka hilo akafukuzwa chuo cha muziki akiwa mwaka wa pili, maana miaka ile mtoto wa mwenye mali hakuwa na nafasi. Akaenda kupiga kwenye baa ya hoteli. Walimruhusu apige dansi za waltzi na tango. Yeye katikati ya tango alikuwa akiingiza jazi, ile aliyojifunza kwa kusikiliza redio za nje huku mkono uko kwenye kitufe cha kupunguzia sauti. Alionywa mara mbili. Mara ya tatu wakamnyang'anya kibali cha kupiga muziki jijini. Rafiki zake wengi walikuwa wameshavuka mpaka wa Austria mwaka 1956, maasi yalipozimwa. Niliwahi kumuuliza kwa nini yeye alibaki. Akasema wanafunzi wake wangekuwa huku. Wakati huo hakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Piano ya Jumba la Utamaduni ilikuwa na vitufe vinne bubu kwa sababu ya unyevu. Ervin aliifungua jioni ya kwanza, na kesho yake kofia ya Magdolna ya majira ya baridi ilikuwa imekatwa vipande vipande na kugandishwa kwenye nyundo za piano, na vitufe vyote vinalia. Magdolna aliutembea mji mzima na kitambaa kichwani hadi Machi, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba kofia yake iko kazini.

Mimi, Gáspár, aliniokota kwenye harusi. Aliniambia vidole vyangu vimechelewa lakini sikio langu limefika kwa wakati, kwa hiyo tutafika. Akampata mpiga ngoma, dereva wa lori aliyeitwa Béni, na tukawa watatu. Kila Jumatano tulipiga jazi ukumbi ukiwa umefungwa. Mkurugenzi wa Jumba, komredi Csordás, alikuwa mtu wa kupenda amani. Alisema hataki kuona jina la kigeni kwenye karatasi yoyote, basi Ervin akazibatiza nyimbo zote upya: Wimbo wa Wachimbaji Namba Moja, Namba Mbili, mpaka Namba Thelathini na Nane. Alipokuja mkaguzi kutoka mkoani na kuuliza mbona wachimbaji wetu wana nyimbo nyingi namna hii, Csordás alijibu bila kupepesa macho kwamba ni mgodi wenye zamu tatu.

Halafu akaanza kufundisha, na watoto wakamwita Mjomba Ervin. Wa kwanza alikuwa Piroska, binti wa Rozál mpishi wa kantini ya mgodi. Alikuwa na miaka tisa, na alikuja ukumbini kumsubiri mama yake kwa sababu palikuwa na joto. Ervin alimkuta akiimba sauti ya pili ya kwaya, sauti ambayo hakuna aliyemfundisha. Hakumkalisha kwenye piano kwa miezi miwili. Alimfanya atembee ukumbini akipiga makofi, aimbe, anyamaze kwa kuhesabu, kisha aimbe tena alipoachia. Mama yake alilalamika kwamba analeta mtoto kujifunza piano na mtoto anarudi viatu vimeisha. Ervin alimwambia avumilie. Alipokuwa na miaka kumi na minne, Piroska alikuwa akikaa nasi Jumatano, na mimi mtu mzima nilikuwa namwogopa, kwa sababu nikikosea hakusema kitu, alinigeukia tu.

Budapest walifungua masomo ya jazi, ya halali kabisa, yenye cheti, na Piroska akaenda. Akamaliza, wakambakiza kuwa mwalimu. Mji mzima ulijivuna. Kwenye kantini, Rozál alibandika picha yake juu ya sufuria ya supu ya maharage, na mvuke ukaiharibu, akabandika nyingine.

Mwaka 1974, mwezi wa Machi, barua ikaja. Ilisema kwamba mtu yeyote anayefundisha muziki mahali pa umma lazima awe na cheti, au awe ameshaanza masomo ya kukipata ifikapo mwisho wa mwaka unaofuata. Ervin alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hana cheti cha kitu chochote. Csordás alituita wote wawili ofisini, nadhani aliogopa kumwambia peke yake.

"Ukikosa cheti sikufukuzi, Ervin," alisema. "Nimekutafutia nafasi. Chumba cha makoti. Kuna joto, na kwaya utaisikia vizuri tu."

"Na watoto?"

"Atakuja mwingine mwenye karatasi."

"Ana jina huyo mwingine?"

"Bado."

"Basi mwandike Szalkai," Ervin alisema, "nitamletea karatasi."

Nje nilimuuliza kama ana akili timamu. Mtihani wa kuingia chuoni Budapest ulikuwa Juni, na watahiniwa wote wangekuwa vijana wa miaka kumi na minane. Akaniambia vizuri, vijana hawaumwi mgongo, watamsaidia kubeba besi yangu. Ndipo nilipojua kwamba na mimi naenda.

Tulikwenda kwa treni. Magdolna alimpigia pasi shati mara mbili. Kwenye korido ya chuo vijana walitupisha wakidhani sisi ni mafundi wa piano, na mmoja akamwomba Ervin aangalie kanyagio la piano linalolia. Aliliangalia, akalitengeneza.

Ndani walikaa watatu nyuma ya meza, na mmoja wao alikuwa Piroska. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, nywele amezifunga nyuma, na alitusalimu kama alivyowasalimu wengine, wala hakutabasamu. Imla ya muziki, yaani kuandika noti unazozisikia, Ervin aliimaliza kabla ya wote. Kwenye nadharia mambo yakaharibika. Walipiga sauti fulani ya vitufe vinne kwa pamoja kwenye piano wakamuuliza inaitwaje. Akasema, "Inaitwa hii," akaipiga tena. Mzee mmoja wa mezani alicheka. Yule mwingine hakucheka.

Kisha tukapiga. Ervin alikaa kwenye piano kubwa nyeusi, ya namna ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka kumi na sita, akaanza kukimbia. Alitoa kila alichonacho. Vidole vyake sikuwahi kuviona vikienda vile, na kwa dakika sita nilikuwa kama mtu anayelifukuza basi huku amebeba kabati. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, na uso wake ulikuwa na furaha. Tukaenda kukaa kwenye benchi la korido. Alikuwa na hakika.

Piroska alitoka mwenyewe.

"Mjomba Ervin, orodha itabandikwa saa kumi. Jina lako halimo. Nimeona ulisikie kwangu kwanza."

"Kura zilikuwaje?" Ervin aliuliza.

"Ndiyo moja. Hapana mbili."

"Na wewe?"

"Mimi ni mmoja wa wale wawili."

"Kwa sababu ya yale majina."

"Majina mtu anayakariri kwa mwezi. Ni ulivyopiga. Mjomba Gáspár alikuita kwa besi mara nne, hukumwitikia hata mara moja. Ulikuwa unapiga ili sisi watatu tukuogope." Alimtazama usoni. "Kijana angepiga hivyo ningemkataa. Nikikupitisha wewe kwa kuwa ulinilea, kesho huyo kijana nitamtazamaje?"

Ervin akanigeukia. "Kweli, Gáspár? Uliniita?"

Ningependa kumdanganya. "Mara tano," nikasema. "Moja hata yeye hakuisikia."

Kwenye treni hakugusa mkate wenye mafuta ya nguruwe na vitunguu ambao Magdolna alitufungia. Alikaa akitazama mashamba ya alizeti. Nilijua ana hasira, ila sikujua na nani. Nilimwazia akiwa nyuma ya ile kaunta ya makoti, akigawa namba za shaba, na nikawa nafikiria maneno ya kumfariji, lakini kila nililolipata lilikuwa la kijinga. Tulipofika Dombóvár, treni ikiwa imesimama kubadilisha injini, akasema, "Tunaanza kesho," akachukua mkate.

Mji ulimchukia Piroska. Watu waliokuwa wakijivunia jina lake waliacha kulitaja. Mama yake alikuwa mkali kuliko wote. Aliitoa picha juu ya sufuria, akaacha kumjibu barua, na ile keki ya mbegu za popi aliyokuwa akimtumia kila mwezi, akaacha kuioka kabisa, hata sisi tukaikosa. Alisema hajazaa mtoto wa kumwaibisha mwalimu wake mbele ya watu.

Ervin alipopata habari alikwenda kantini saa ya chakula cha mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni. Hakuchukua sahani. Alimwambia Rozál mbele ya wote kwamba amesikia mambo ya keki.

"Dada Rozál, siku ile wengine walikuwa wananiangalia tu vidole. Binti yako alinisikiliza mpaka mwisho. Oka keki. Nitampelekea mimi."

"Huna aibu wewe," Rozál alisema, machozi yanamtoka. "Amekukosesha kazi."

"Kazi bado ninayo mpaka mwakani. Weka zabibu nyingi, anazipenda."

Akaipeleka kweli, kilomita mia mbili kwa treni, na sijui walizungumza nini, ila alirudi na orodha ya vitabu sita.

Mwaka ule sitausahau. Ervin alijikataza kukimbia. Mpaka Krismasi hakuruhusu mkono wake wa kulia kupiga zaidi ya noti tatu kwa mkupuo. Kisha ilimbidi angoje niseme kitu kwenye besi ndipo anijibu. Noti tatu, mtu aliyeweza kupiga mia. Siku za mwanzo alikuwa kama aliyefungwa kamba; alisimama, akazunguka piano, akarudi kukaa. Mimi nilitoka zamu saa nane mchana, nikaoga, nikala, nikaenda ukumbini kila siku. Baada ya wiki tatu nilimwambia, "Bwana Ervin, mimi nina mke."

"Mlete."

Nikamleta. Alikaa karibu na jiko akifuma, na alimaliza sweta mbili na soksi za ukoo mzima. Ni yeye aliyesema, Februari hivi, bila kuinua macho, kwamba sasa mnaongea, zamani mlikuwa mnapokezana kelele.

Majina nayo aliyashika. Alikwenda Pécs mara mbili kwa wiki, akaomba kukaa dawati la nyuma pamoja na watoto wa miaka kumi na mitano wanaosoma nadharia, na magoti yake hayakuenea chini ya dawati. Nyumbani aliandika majina ya sauti kwenye vikaratasi akavibandika kila mahali. Magdolna aliniambia kwamba akitafuta paprika anakuta kikaratasi cha saba ndogo iliyoshushwa, na akiitaka chumvi lazima kwanza ajibu swali.

Juni iliyofuata tukarudi. Watatu wale wale, meza ile ile. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Nilianza peke yangu kama tulivyokubaliana. Nikapiga mzunguko mmoja, nikamwita. Hakujibu. Nikadhani amesahau. Nikamaliza mzunguko wa pili, wale wa mezani wakainua vichwa, na hapo ndipo aliponipa noti moja. Moja tu, chini, mahali nilipokuwa nimemwachia. Nilihisi kama mtu aliyeshikwa mkono kwenye ngazi za gizani. Tulikwenda hivyo kwa dakika saba, na mwishoni alikimbia kidogo, lakini alinichukua na mimi.

Alipita, wa nne kutoka mkiani. Kilichomshusha ni insha ya historia ya muziki, ambamo aliandika maoni yake.

Miaka mitatu alisafiri kila Jumatatu na Alhamisi kwa treni ya saa kumi na moja alfajiri, na siku zilizobaki alifundisha kwetu. Piroska alikuwa mwalimu wake wa utunzi. Piroska alipoingia darasani, Ervin alisimama wima, mvi zikiwa juu ya vichwa vya vijana.

"Keti, Mjomba Ervin," alimwambia siku ya kwanza.

"Humu ndani mimi si mjomba wa mtu, Mwalimu."

Vijana walicheka. Ervin hakucheka, na wiki ya pili nao waliacha.

Mwaka wa mwisho alitakiwa kuandika utunzi mkubwa. Wa kwanza Piroska aliurudisha. Wa pili akaurudisha. Wa tatu aliurudisha na maneno mawili pembeni: "Hii redio." Siku hiyo Ervin alikuja kwangu, akakaa jikoni na koti lake. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mzee. Alisema redio ndiyo shule pekee aliyopata, walimnyima nyingine, na sasa anaambiwa atoe hata hiyo, abaki na nini. Alisema labda chumba cha makoti kingemfaa. Mke wangu alimmiminia mvinyo na maji ya soda, akamuuliza kama redio imewahi kushuka mgodini.

Nilimwombea ruhusa. Siku ya Jumanne alivaa kofia ya chuma na buti za Béni zilizomzidi, akashuka na zamu yangu mita mia nne chini. Nilifikiri atauliza maswali. Hakuuliza hata moja. Alisimama karibu na pampu ya maji kwa saa nzima, akihesabu kwa vidole. Kisha alitaka kusimama pale zamu zinapopishana, wanaume mia tatu wanapanda na mia tatu wanashuka, kengele ya lifti inalia mara mbili, mara tatu, na wale wanaopanda wanawaambia wanaoshuka "bahati njema" kwa sauti za uchovu ambazo hazifanani kamwe. Alipotoka juani uso wake ulikuwa mweusi, na alikwenda moja kwa moja kwenye piano bila kunawa. Vitufe vile havikurudi kuwa vyeupe tena.

Utunzi huo aliuita "Zamu ya Asubuhi," wa piano, besi na ngoma pamoja na bendi ya matarumbeta ya mgodi. Piroska hakuurudisha. Sheria ilitaka upigwe chuoni, Budapest. Ervin alisema bendi ina watu ishirini na wanane na wote wana zamu, kwa hiyo watahini waje kwetu. Aliandika barua nne, na ya tano aliipeleka mwenyewe. Wakaja, Jumapili ya Mei mwaka 1978, kwa gari dogo aina ya Trabant lililowaishia petroli kwenye kilima.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wachimbaji hawakujua kama jazi ni kitu cha kukaa kimya au cha kucheza, wakakaa kimya kwanza. Kwenye sehemu ya pili, pale matarumbeta yanapopanda na mengine kushuka yakiitana kwa uchovu, mchimbaji mmoja mzee wa safu ya mbele alivua kofia, na wengine wakavua. Nilikuwa na noti ndefu ya kushikilia na niliishikilia macho yamefumba, kwa sababu yalikuwa yamejaa. Baadaye yule mtahini ambaye hakuwahi kucheka alimuuliza Ervin ile sauti ya mwisho inaitwaje. Ervin akaitaja jina lake kamili, na la pili inaloitwa na Wajerumani, na akauliza kama anataka la tatu.

Cheti alimpelekea Csordás Jumatatu asubuhi. Csordás alikisoma chote, hata muhuri, akasema ni vizuri, maana chumba cha makoti alikuwa ameshampa shemeji yake.

Darasa la jazi la mji wetu likafunguliwa rasmi vuli ile, na watoto kumi na mmoja. Ervin aliliendesha miaka ishirini na moja. Serikali ilibadilika, mgodi ukafungwa, bendi ya matarumbeta ikavunjika kwa kuwa hapakuwa tena na zamu na wachimbaji walitawanyika, na Jumba likazimiwa joto. Akahamishia darasa kwenye chumba cha zamani cha kufulia cha hospitali, ambacho Magdolna alikipata kwa kumsumbua mganga mkuu mwaka mzima. Aliandika tunzi nyingine, kubwa kwa ndogo, na tisa kati ya wanafunzi wake ni walimu leo. Hakukubali kustaafu. Alipoambiwa apumzike alijibu kwamba Alhamisi ana darasa.

Alifariki mwezi wa Machi mwaka 1999, Jumanne, moyo. Magdolna alinipigia simu asubuhi, na baada yangu akampigia Piroska. Nilidhani Piroska atakuja kwenye mazishi, ambayo yalipangwa Jumamosi. Alikuja Alhamisi kwa treni ya asubuhi. Alikuwa na miaka hamsini, mkuu wa idara, na alitembea moja kwa moja mpaka chumba cha kufulia, ambako watoto sita walikuwa wamekaa na makoti yao bila kujua kama waende nyumbani.

"Mjomba Gáspár," aliniambia, "besi unayo?"

Nilikuwa na miaka sitini na tisa, na vidole vyangu vilikuwa vimechelewa kuliko zamani. Nilikwenda kuichukua. Niliporudi alikuwa ameshawasimamisha watoto wote na kusukuma viti ukutani, na darasa likaanza.